Nguvu za Vitu: Chuma, Katani, Udongo na Zege

*Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Same na Milima ya Upare*

*Kabla ya somo: Mwalimu aandike ubaoni maneno haya manne: kuvutwa, kukandamizwa, kupindwa, kugongwa. Darasa liwe na vipande viwili vya chaki, kandambili moja ya mpira, waya mwembamba, na nyuzi chache za katani.*



Leo nitaanza kwa swali. Kipi kina nguvu zaidi, jiwe au kamba ya katani? Nadhani wengi wenu mtasema jiwe. Haya, gari limenasa katika matope ya njia ya mlimani. Mtalivuta kwa jiwe? La, mtatafuta kamba. Lakini mkitaka kujenga msingi wa nyumba, mtaujenga kwa kamba? La, mtatafuta jiwe. Basi swali langu halikuwa swali zuri. Haitoshi kuuliza, "Je, kitu hiki kina nguvu?" Yatupasa kuuliza, "Kina nguvu ya kustahimili nini?" Jambo hilo ndilo somo letu la leo, na mtu anayejenga nyumba bila kulijua aweza kuwaletea hatari watu wake mwenyewe.

1. Njia nne za kujaribu kitu

Shikeni kipande cha chaki. Kisimamisheni juu ya meza, mkikandamize kwa kiganja polepole. Mwaona? Hakivunjiki upesi. Sasa kishikeni kwa mikono miwili mkipinde. Kimekatika mara moja. Chaki ni ile ile, na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kukijaribu.

Sasa chukueni kandambili. Chora mistari mitano kwa kalamu juu ya ubavu wake, kutoka juu kwenda chini. Kisha pinda kandambili hiyo, ncha mbili ziende juu na tumbo liende chini. Tazameni mistari. Upande wa juu imekaribiana, maana mpira unakandamizwa. Upande wa chini imeachana, maana mpira unavutwa. Kwa hiyo kitu kinachopindwa hupata mambo mawili pamoja: upande mmoja hukandamizwa, na upande wa pili huvutwa. Chaki huvumilia kukandamizwa, lakini haiwezi kuvutwa. Ndiyo sababu ilikatika, na ufa wake ulianzia upande uliovutwa.

Njia ya nne ni kugongwa. Kioo ni kigumu. Kisu cha kawaida hakikikwaruzi. Lakini kikianguka sakafuni huvunjika vipande vipande. Basi ugumu ni jambo moja, na kustahimili kugongwa ni jambo jingine. Yashikeni sana maneno hayo, maana tutayahitaji sasa hivi.

2. Chuma, na mafundi wa Ugweno

Watu wa Upare walikijua chuma tangu zamani sana. Huko Ugweno ukoo wa Washana ulisifika kwa kufua chuma, na wazee husimulia kwamba Washana ndio waliotawala nchi ile hapo kale, mpaka Wasuya walipoutwaa utawala. Mafundi wa zamani walikusanya mchanga mweusi mzito, ulioletwa na maji ya mvua katika vijito. Ndani ya mchanga huo mna chuma. Waliuchoma kwa makaa ya miti, mivukuto ikipuliza hewa bila kukoma, kisha wakakifua chuma kilichopatikana. Chuma cha Upare kilinunuliwa hata na Wachaga.

Mafundi hao walijua kwamba chuma si cha namna moja. Siku hizi twajua sababu. Chuma kikichomwa pamoja na makaa, huingiwa na kitu kiitwacho kaboni, nacho ndicho kilicho kingi katika makaa. Katika sehemu 100 za chuma, kaboni ikiwa robo ya sehemu moja au chini ya hapo, chuma ni laini, hupindika bila kukatika. Namna hiyo hutumika kwa misumari na waya wa kufungia. Kaboni ikiwa kama nusu ya sehemu mpaka sehemu moja, chuma ni kigumu zaidi, nacho hufaa kwa springi na visu. Ikiwa sehemu 2 mpaka 4, hicho ni chuma cha kusubu, kama miguu ya cherehani za zamani. Chuma cha kusubu hubeba mzigo mkubwa kikikandamizwa, lakini kikigongwa kwa nguvu huvunjika.

Mafundi wengi wa leo hufua mapanga na visu kwa chuma cha springi za magari yaliyochakaa. Fundi hukipasha mpaka kiwe chekundu, kisha hukichovya majini ghafula. Hapo kisu huwa kigumu sana, lakini chaweza kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo hukipasha tena, safari hii kwa moto mdogo. Ugumu hupungua kidogo, na uwezo wa kustahimili kugongwa hurudi. Fundi asiyefanya hivyo huuza kisu kinachong'aa, na mnunuzi humrudishia vipande viwili.

3. Kuvuta chuma kwa hesabu

Sasa tupime. Mwaka 1678 Mwingereza mmoja, jina lake Robert Hooke, alieleza jambo alilolijaribu kwa springi na waya. Ukiutundika mzigo, waya hurefuka kidogo. Ukiuongeza mzigo mara mbili, waya hurefuka mara mbili. Ukiuondoa mzigo, waya hurudi kama ulivyokuwa. Lakini jambo hilo lina mpaka. Mzigo ukipita mpaka, waya haurudi tena. Hukaa umerefuka, na mzigo ukizidi, hukatika.

Mpaka huo uko wapi? Chuma laini cha kawaida chenye unene wa milimita 1 ya mraba hubeba kilo 25 hivi kabla ya kupita mpaka, na hukatika karibu na kilo 40. Waya wa urefu wa mita 1, wenye unene huo huo, ukibeba kilo 20 hurefuka kwa milimita 1 tu. Jicho haliwezi kuona urahisi badiliko hilo, lakini lipo.

Haya, tufanye hesabu ya nondo ya milimita 12. Uso wake ukikatwa ni milimita 113 za mraba. Zidisheni 113 kwa 25, mpate 2,825. Basi nondo hiyo moja, nyembamba kuliko kidole, yaweza kuvutwa kwa kilo 2,800 hivi kabla ya kuharibika umbo. Lakini mjenzi mwenye busara hatumii nguvu zote hizo. Huacha akiba, kwa kuwa nondo yaweza kuwa na kutu, au mzigo ukazidi siku moja. Akiba hiyo tutaiita akiba ya nguvu.

4. Katani

Mashamba ya mkonge katika nyanda za chini mnayaona kila siku. Mmea huu si wa asili ya kwetu. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Shikeni uzi mmoja wa katani mkauvute. Hauvutiki kwa urahisi, sivyo? Katika vipimo, nyuzi nzuri za katani zimeonyesha nguvu ya kuvutwa inayokaribia ile ya chuma laini cha unene ule ule, na pengine kuipita.

Je, tuache chuma basi, tutumie katani? La. Chuma laini kikikaribia kukatika hurefuka sana kwanza, hata robo ya urefu wake, nawe waona hatari kabla haijafika. Uzi wa katani hurefuka kidogo tu, kisha hukatika ghafula. Tena nyuzi hazifanani. Mmoja ni mzuri, wa pili dhaifu. Ndiyo sababu twazisokota pamoja, ili ule mzuri usaidie ulio dhaifu. Hata hivyo kamba nzima haifikii jumla ya nguvu za nyuzi zake. Na mkipiga fundo, nguvu hupungua, pengine hata kufika nusu. Kamba ikikaa katika unyevu huoza. Kwa hiyo akiba ya nguvu ya kamba iwe kubwa: kamba ikatikayo kwa kilo 500 msiinulie zaidi ya kilo 50 mpaka 100. Na mtu yeyote asisimame chini ya mzigo ulioning'inia.

5. Mbao na reli

Mbao zina nyuzi pia. Gogo hupasuka kwa shoka kufuata nyuzi zake, lakini kulikata kinyume cha nyuzi ni kazi kubwa. Kwa hiyo mpini wa jembe uchongwe nyuzi zikiwa zimefuata urefu wa mpini. Nyuzi zikitoka kwa mshazari, mpini utakatika papo hapo.

Sasa tazameni mbao ya inchi 2 kwa 4. Mkiilaza bapa juu ya mfereji mkaipita, itabonyea sana. Mkiisimamisha kwa ubavu wake, itabonyea robo tu ya vile, na itabeba mzigo mara mbili. Mbao ni ile ile, na bei ni ile ile! Sababu mmekwisha kuiona katika kandambili. Kinachofanya kazi sana ni upande wa juu, unaokandamizwa, na upande wa chini, unaovutwa. Pande hizo zikiachana zaidi, nguvu huongezeka.

Mkitaka kuona jambo hili kwa macho, nendeni kwenye stesheni ya Same mkatazame reli. Njia ile ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Reli ina kichwa kinene juu, na kitako kipana chini, na katikati ni nyembamba. Chuma kimewekwa mahali kinapofanya kazi zaidi.

6. Udongo

Udongo ndio tunaojengea zaidi kwetu, nao una tabia moja inayodanganya. Ukiwa mkavu hubeba ukuta na paa. Ukilowa, chembe zake huachana, na nguvu hupotea. Ukuta wa tofali mbichi ukirushiwa maji ya mvua chini yake kila mwaka, huliwa polepole, na siku moja hulala. Kwa hiyo msingi uwe wa mawe, upande juu ya ardhi, na paa litokeze nje kuukinga ukuta. Tofali la kuchoma ni bora, kwa sababu moto huzishikamanisha chembe zake, na maji hayawezi tena kulirudisha kuwa tope.

Mlima nao ni udongo uliosimama. Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Wilaya ya Same, na katika kijiji cha Goha udongo uliporomoka juu ya nyumba. Watu zaidi ya 20 walikufa. Maji yalipoujaa udongo, uzito wake uliongezeka, na nguvu ya kushikana ikapungua, yote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo msichimbe chini ya mteremko mkali ili kupata uwanja wa nyumba bila kujenga ukuta wa kuushikilia na njia ya kutoa maji. Mkiona nyufa ndefu juu ya mteremko wakati wa mvua, ondokeni kwanza, mjadiliane baadaye.

7. Zege na nondo

Sasa tumefika mahali ambapo makosa ni mengi. Zege ni jiwe tunalolitengeneza wenyewe kwa saruji, mchanga, kokoto na maji. Zege nzuri ya kawaida, ikifanywa mche wenye sentimita 15 kila upande na kungojewa siku 28, huweza kukandamizwa kwa uzito wa tani 45 hivi kabla ya kupasuka. Mabasi mawili makubwa yaliyojaa abiria hayafiki uzito huo! Lakini ikivutwa, nguvu yake ni sehemu moja ya kumi tu. Zege ni ndugu yake chaki.

Basi tutafanya nini juu ya mlango, mahali pa linta? Linta hubeba ukuta ulio juu yake, nayo hupindwa. Upande wa juu hukandamizwa, na zege huweza. Upande wa chini huvutwa, na zege haiwezi. Hapo ndipo twaweka nondo, maana chuma huweza kuvutwa. Zege na chuma husaidiana, na kwa bahati njema hutanuka karibu sawa jua linapochoma, kwa hiyo haviachani.

Lakini nondo hufanya kazi ikiwa mahali pake. Kama fundi ataitupa katikati, au itapanda juu wakati wa kumwaga zege, ni kana kwamba hakuweka kitu. Katika linta, nondo kuu ziwe chini. Sasa fikirini bamba la zege lililotokeza mbele ya mlango kama kofia, ili kukinga mvua. Ncha moja imeshikwa na ukuta, na ncha ya pili iko hewani. Likilemewa, linainama kwenda chini. Upande gani unavutwa? Pindeni kandambili, mshike mwisho mmoja tu. Mwaona? Ni upande wa juu! Basi katika bamba hilo nondo kuu ziwe juu, na ziingie ndani ya ukuta au linta vya kutosha. Fundi akiziweka chini kwa mazoea ya linta, bamba litasimama kwa muda likishikiliwa na mbao. Siku mbao zitakapoondolewa, au siku mtoto atakapopanda juu yake, laweza kuanguka.

Mita 1 ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Hata linta ndogo ya urefu wa mita moja na nusu yaweza kupita kilo 100. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisi hatujengi ghorofa nyingi, lakini kilo 100 zinatosha kumwua mtu.

Mambo mengine manne kuhusu zege. Kwanza, maji. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 wahitaji lita 25 hivi, na pungufu mchanga ukiwa umelowa. Mafundi hupenda kuongeza maji ili zege imwagike kwa urahisi, lakini maji yanayozidi huacha vitundu, na nguvu hupungua. Pili, mchanga. Mchanga wa korongoni wenye tope uoshwe kwanza. Tatu, kumwagilia. Zege haigumu kwa kukauka. Inagumu kwa kunywa maji. Huku chini Same jua ni kali na upepo ni mkavu. Ifunikeni kwa magunia, muiloweshe siku 7 angalau. Nne, nondo ifichwe ndani ya zege kwa sentimita mbili na nusu au zaidi, isipate kutu, maana kutu huvimba na kuipasua zege.

8. Chuma nacho huchoka

Shikeni waya mwembamba. Upindeni mara moja. Haukatiki. Upindeni huku na huku mara nyingi. Umekatika! Wala hamkuuvuta hata kidogo. Mzigo mdogo unaorudi mara nyingi hufanya ufa mdogo, na ufa hukua siku kwa siku.

Watu walijifunza hili kwa msiba. Mwaka 1842, karibu na Versailles huko Ufaransa, ekseli ya injini ya treni ilikatika njiani, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye Mjerumani August Wöhler alizijaribu ekseli kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba chuma chaweza kukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule wa kukikata mara moja, mradi urudiwe mara nyingi. Springi za magari yapandayo njia za milimani hupata taabu hiyo hiyo kila siku, kadhalika mpini wa chuma wa pampu ya maji. Kwa hiyo vitu hivyo vikaguliwe kabla havijakatika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chuma twaongeza: ufa wa chuma hauzibwi kwa rangi. Kitu hicho kibadilishwe, au kipelekwe kwa fundi anayejua.

Basi, ndugu zangu, kesho mtakapomwona fundi akijenga nyumbani kwenu, msione haya kumwuliza: "Fundi, hapa patavutwa au patakandamizwa? Nondo umeiweka upande gani?" Fundi mwema atafurahi kueleza. Nyumba ni yenu, na watakaolala ndani yake ni watoto wenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini chaki ilikatika ilipopindwa, na haikukatika ilipokandamizwa?
2. Nondo ya milimita 10 ina uso wa milimita 78 za mraba. Yaweza kuvutwa kwa kilo ngapi kabla ya kupita mpaka wake?
3. Chora linta na bamba lililotokeza juu ya mlango. Onyesha mahali pa nondo kuu katika kila moja.
4. Kwa nini kisu kilichochovywa majini hupashwa moto tena?
5. Tembeeni kuzunguka jengo mnalosomea. Wapi panavutwa? Wapi panakandamizwa? Je, kuna ufa? Andikeni mlichokiona, mkisome kwa sauti wiki ijayo.